Mjadala: Je, Presence ya Led Zeppelin ilistahili kuwekwa kando?

Mleta mada

Wakuu, nina hoja, na ninaomba ipigwe kwelikweli, isibembelezwe. Wakitajwa Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, watu hukimbilia albamu ya pili, ya nne na Physical Graffiti. Presence, iliyotoka tarehe 31 Machi 1976, hukaa pembeni kama mtoto wa kambo. Msimamo wangu ni huu: ndiyo albamu yao iliyonyooka kuliko zote, na imewekwa kando kwa sababu zisizohusiana na kilichomo ndani yake.

Kwa asiyejua mazingira: tarehe 4 Agosti 1975 mwimbaji Robert Plant alipata ajali ya gari katika kisiwa cha Rhodes, Ugiriki, akavunjika kifundo cha mguu na kiwiko. Mipango ya ziara ikafutwa. Yeye na mpiga gitaa Jimmy Page wakatunga nyimbo Malibu, California, bendi nzima ikafanya mazoezi Hollywood, na Novemba wakaingia Musicland, studio iliyokuwa chini ya hoteli mjini Munich. Kurekodi na kumiksi kulichukua siku 18. Rolling Stones walikuwa wamekwisha kuikodi studio hiyo hiyo, na siku za mwisho Page ilimbidi aziombe kwao. Plant aliimba akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Nyimbo ni 7, dakika 44 na kidogo. Kinanda hakimo. Hakuna wimbo uliojengwa juu ya gitaa kavu (lisilo la umeme). Ni magitaa ya umeme, besi, dramu na sauti, pamoja na harmonika katika Nobody's Fault but Mine. Je, ukavu huo ni upungufu, au ndio uzuri wenyewe? Karibuni.

Shabiki wa Graffiti

Nitaanza na lisilopendeza. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kwa hesabu za RIAA, chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani, Presence imethibitishwa kuuza nakala milioni 3. In Through the Out Door ya 1979 imethibitishwa milioni 6. Ile ya nne imepita milioni 20. Hizi ni albamu za bendi moja, miaka ile ile. Wasikilizaji wamekuwa na karibu miaka 50 ya kuirudia na kubadili mawazo, na hawajabadili. Kama kasoro ingekuwa ya soko tu, muda ungeirekebisha.

Halafu huo ukavu. Led Zeppelin walipendwa kwa sababu walijua kubadilisha hewa. Unapata rifu nzito (ule mstari wa gitaa unaorudiwarudiwa), kisha mandolini, kisha ogani, kisha ukimya. Hapa hewa ni moja tangu mwanzo hadi mwisho. Masikio yanachoka.

Santuri

Ndugu yangu, hesabu zako ni sahihi ila umeanza kusoma katikati. Presence ilifika namba 1 Uingereza na Marekani pia. Maana yake mlangoni haikukataliwa na mtu. Kilichofuata ndicho kiliiangusha.

Kwanza, asiyekuwepo na lake halipo. Bendi hii iliuza albamu kwa kusimama jukwaani saa tatu, na mwaka mzima wa 1976 haikufanya ziara kwa sababu mguu wa Plant haujapona. Ziara iliyofuata ilianza Aprili 1977, mwaka mmoja baada ya albamu kutoka. Na hata hapo, katika nyimbo 7, zilizobebwa jukwaani kwa kudumu ni mbili: Achilles Last Stand na Nobody's Fault but Mine. For Your Life ilipigwa hadharani na Led Zeppelin kwa mara ya kwanza tarehe 10 Desemba 2007, London, katika ukumbi wa O2. Miaka 31! Wimbo ambao umma haukupewa nafasi ya kuusikia ukipigwa, utaupenda vipi kama zile zilizopigwa kila usiku?

Pili, Oktoba 1976 ikatoka filamu yao ya tamasha pamoja na albamu yake ya santuri mbili, iliyorekodiwa Madison Square Garden mwaka 1973. Humo ndani mlikuwa na nyimbo ambazo kila mtu anazijua. Albamu mpya ikafunikwa na nyimbo zao wenyewe za zamani kabla haijamaliza miezi 7.

Tatu, wimbo uliopelekwa redioni Marekani kama singo ulikuwa Candy Store Rock. Haukuingia kwenye chati. Katika nyimbo zote 7 wakachagua ule.

Shabiki wa Graffiti

Hilo la ziara nalikubali, lina uzito. Lakini limejibu nusu moja tu. Nimeuliza kuhusu masikio kuchoka, na hilo halitokani na ratiba ya ziara.

Fundi Mitambo

Hapo kwenye masikio kuchoka niingie, kwa sababu kuna sababu ya kisauti na inaweza kupimwa.

Kila ala ina eneo lake katika masafa. Besi na ngoma ya mguu hukaa chini. Ogani, piano na gitaa kavu hukaa katikati, lakini kila moja kwa umbile lake: ogani hutandaza, piano hugonga kisha hufifia, gitaa kavu hung'aa juu. Zikiondolewa zote tatu, eneo lote la katikati hubaki mikononi mwa gitaa la umeme lenye mkwaruzo na sauti ya mwimbaji. Na mwimbaji mwenyewe ni Plant, ambaye sauti yake hukaa juu, karibu na pale sikio la binadamu linapohisi ukali zaidi, yaani kilohezi 2 hadi 4. Kwa hiyo ndugu Shabiki hajakosea. Ukiifungua kwa sauti kubwa kwenye spika kali, dakika ya 20 utatamani kupunguza.

Tatizo ni kwamba wengi huongeza ugonjwa wakidhani wanatibu. Wanaona sauti ni kali, wanabonyeza kitufe cha kuongeza besi. Kitufe hicho huvimbisha hezi 80 hadi 120 hivi, eneo ambalo ngoma ya mguu ya John Bonham, ya inchi 26, inakutana na besi ya John Paul Jones. Zikivimba pamoja hazitofautiani tena, na ukali wa juu unabaki palepale. Fanyeni hivi:

Zimeni kila kiboreshaji cha sauti, ekwalaiza iwe bapa. Spika mbili na kichwa chako vifanye pembetatu yenye pande sawa, tweta (vile vispika vidogo vya sauti za juu) zikiwa usawa wa masikio. Spika zisibanwe ukutani. Sentimita 30 hadi 50 zinatosha kuondoa mvumo. Anza kwa sauti ya kawaida ya maongezi, halafu panda kidogo. Kama bado inakukata, shusha eneo la kilohezi 3 kwa desibeli 2. Mbili tu! Ukishusha 5 utaua snea (ile ngoma ndogo yenye mlio mkali), na albamu hii ikipoteza snea imekwisha.

Kwa wanaosikiliza santuri kuna jambo lingine. Upande wa kwanza una dakika 19 na sekunde 43. Upande wa pili una dakika 24 na sekunde 44. Upande ukizidi dakika 20 hadi 22, fundi anayeikata santuri hulazimika kubana mifereji na kupunguza kiwango cha sauti, la sivyo haitoshi. Sauti ikishuka, kelele za santuri zinajitokeza. Zaidi ya hapo, mfereji wa ndani karibu na lebo hupita chini ya sindano polepole kuliko wa nje, hivyo sauti nyembamba za juu hupotea au huparuza. Sasa angalia kilichowekwa hapo ndani kabisa: Tea for One, dakika 9 na sekunde 27, wimbo wa polepole na wa chini kuliko yote. Sahani chafu au sindano iliyopinda huumiza wimbo huo kuliko wote. Safisha santuri kwa brashi kavu kila unapoiweka, pima uzito wa sindano kwa mizani ndogo badala ya kukisia (katriji nyingi, yaani kichwa kinachoshika sindano, hutaka kati ya gramu 1.5 na 2, fuata karatasi ya mtengenezaji), kisha sahihisha pembe ya katriji kwa karatasi ya vipimo. Nadhani wengi waliouhukumu wimbo ule kuwa mfu waliusikia ukiwa umekandamizwa.

Nyuzi Nane

Fundi ameeleza vizuri, ila kuna kitu kimoja amekipita haraka: Jones hakuacha eneo la katikati wazi. Alilijaza kwa besi.

Katika Achilles Last Stand anapiga besi ya Alembic yenye nyuzi nane. Hizo si nyuzi nane za sauti nane. Ni jozi nne. Kila waya mnene una mwenzake mwembamba pembeni yake, aliyekazwa oktavi moja juu, na kidole kimoja hukandamiza wote wawili. Matokeo yake kila noti inatoka na uzito wa chini pamoja na mng'ao wa juu. Ndiyo maana wengi wakisikiliza dakika za mwanzo hudhani kuna gitaa la ziada linalokimbia nyuma. Wanachokisikia ni besi.

Mwendo wake ni wa farasi: ndefu, fupi-fupi, ndefu, fupi-fupi, bila kupumzika, kwa zaidi ya mapigo 140 kwa dakika, dakika 10 na sekunde 25. Anayetaka kuujifunza aanze na mapigo 90. Tumia plektra (kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi), vidole haviwezi kushika jozi zote mbili kwa usawa, kimoja kitapata waya mnene na kuuacha mwembamba. Makosa ni mawili. La kwanza, mkono wa kulia kukaza kuanzia kiwiko, ukichoka dakika ya pili. Mwendo utoke kwenye kifundo cha mkono, na plektra iingie milimita chache tu kati ya nyuzi. La pili, zile fupi mbili kupigwa kwa nguvu sawa na ile ndefu. Zikiwa sawa, farasi anakuwa mashine ya kushonea. Ile ndefu ibebe uzito, zile mbili ziifuate.

Usiye na nyuzi nane tumia besi ya kawaida na kifaa cha oktavi ya juu, lakini kichanganye kidogo, robo hivi. Ukizidisha, vifaa vingi hushindwa kufuata noti za haraka na sauti inayumba.

Sasa turudi kwenye hoja. Mtu akisema albamu hii haina rangi, aniambie wimbo gani wa bendi hiyo ambao besi ilipewa kazi ya namna hii.

Mleta mada

Na juu ya besi hiyo kuna Page. Matabaka yote ya gitaa ya albamu nzima aliyaongeza ndani ya takriban usiku mmoja. Yeye na fundi wa sauti Keith Harwood walikuwa wakipokezana usingizi katika siku zile; anayeamka kwanza ndiye anaanza kazi. Vaa vipokea sauti na usikilize Achilles: gitaa moja kushoto linaweka mapigo, jingine kulia linajibu, la tatu linapanda juu likishikilia noti ndefu, na solo inapita katikati. Hakuna hata moja linalomkanyaga mwenzake. Mtu aliyepata miezi kadhaa angesifiwa kwa mpangilio huo. Huyu alikuwa na usiku.

Shabiki wa Graffiti

Mleta mada, hapo naomba tuwe waangalifu. Haraka si sifa. Albamu haipandi daraja kwa sababu iliandaliwa kwa shida. Ukinipa chakula kibichi sitakisifu kwa kuwa mpishi alikuwa na dakika tano. Wimbo wa kwanza ni mkubwa, sijawahi kuupinga. Lakini ukishatoka hapo unakuta Royal Orleans, dakika 2 na sekunde 58, umepita na hujui umepita. Upande wa pili unakuta Candy Store Rock na Hots On for Nowhere zimefuatana, nyimbo mbili nyepesi katikati ya albamu iliyojitangaza kuwa nzito. Na mwishoni Tea for One, ambayo ni Since I've Been Loving You ya 1970 imerudi na nguo nyingine: bluzi ya polepole, C maina, gitaa linalia, mwimbaji analalamika. Wamejirudia.

Kiti cha Dramu

Kuhusu Hots On for Nowhere, ndugu Shabiki, umesikiliza maneno na ukaacha dramu. Sikiliza jinsi Bonham anavyosogeza mkazo. Gitaa linaanza kifungu mahali ambapo mguu unatarajia katikati, snea inakuja kuokoa, kisha wote wanakutana. Uzuri ni kwamba hakipigwi kitu cha kujionyesha. Anayeucheza wimbo huu kwa kuhesabu gitaa atapotea ndani ya vipimo vinne. Hesabu mguu na hi-hati (yale matoazi mawili yanayofumbwa kwa pedali), liache gitaa lizunguke lenyewe, litarudi.

Niongeze For Your Life, kwa sababu ndio mtihani halisi wa mpiga dramu. Ni wimbo wa polepole, wenye nafasi kubwa kati ya pigo na pigo, na hakuna kinanda cha kujaza nafasi hiyo. Wengi wakipiga wimbo wa hivi husukuma: wanaogopa ukimya, wanaingia mapema. Bonham anaegemea nyuma kidogo ya pigo, kiasi cha kukufanya uinamishe kichwa kumsubiri. Mazoezi yake ni rahisi kueleza na magumu kufanya. Weka metronomu ipige pigo la pili na la nne tu, mapigo mengine uyashike mwenyewe. Ukiweza dakika 3 bila kuitangulia, iondoe kabisa vipimo viwili, irudi kipimo cha tatu, uone kama mmekutana.

Nobody's Fault but Mine nayo ina mitego ya kusimama. Bendi nzima inanyamaza, kisha inaanguka pamoja. Ukimya huonekana mrefu kuliko ulivyo, kwa hiyo kosa karibu siku zote ni kuwahi. Hesabu nusu mapigo kwa sauti ndani ya ule ukimya, moja-na-mbili-na, na ukubaliane na wenzako nani anayetoa ishara ya kichwa. Mkitazamana wote kila mmoja akimsubiri mwenzake, mtaanguka mafungu matatu.

Santuri

Na kwenye wimbo huo kuna jambo ambalo wapenzi wa albamu hii tunapaswa kulisema wenyewe kabla hatujaambiwa. Jalada limeandika watunzi ni Page na Plant. Lakini wimbo wenye jina na wazo hilo ulirekodiwa na Blind Willie Johnson wa Texas Desemba 1927, yeye peke yake na gitaa lake la kutelezesha. Alikufa maskini mwaka 1945. Muziki wa Led Zeppelin ni mwingine: yale magitaa matatu ya mwanzo yanayopiga mstari mmoja, moja likiwa oktavi juu, ni kazi ya Page, na beti nyingi ni za Plant. Johnson aliimba juu ya kusoma Biblia na kuokoa roho, Plant anaimba juu ya shetani. Hata hivyo kitovu cha wimbo ni cha Johnson na jina lake lilistahili kuwepo. Kuithamini albamu hakutuzuii kusema hivyo.

Shabiki wa Graffiti

Nakushukuru kwa hilo. Watetezi wengi huliruka.

Mleta mada

Nalikubali kabisa, na nilipaswa kuliweka mwanzoni.

Nijibu la mpishi. Shabiki, ungekuwa sahihi kama kinanda kingekosekana kwa sababu ya muda. Lakini toleo la 2015 lenye diski ya nyongeza lina kipande kisicho na maneno, 10 Ribs & All/Carrot Pod Pod, ambacho Jones anapiga piano. Kipande kilikuwepo, kimerekodiwa, na kinapendeza. Wakakiacha nje. Maana yake ukavu ule ni uamuzi. Walikuwa na rangi nyingine mkononi, wakafunga kopo.

Shabiki wa Graffiti

Hapo umenipa kitu cha kufikiri. Lakini kuacha kwa makusudi hakufanyi uamuzi uwe sahihi. Nami nadhani kipande hicho, kingewekwa kati ya Candy Store Rock na Hots On for Nowhere, kingeokoa upande wa pili. Kilichobaki ni hili la kujirudia. Bado hakuna aliyenijibu kuhusu Tea for One.

Fundi Mitambo

Kingewekwa kwenye santuri, upande wa pili ungepita dakika 30 na sauti ingeporomoka zaidi. Kingebidi kifukuze wimbo mwingine.

Nyuzi Nane

Kuhusu Tea for One. Ziweke mbili hizo zifuatane, ile ya 1970 kwanza. Sikiliza Jones katika ile ya kwanza: ogani iko chini ya kila kitu, inashikilia kodi nzima wakati Page anapumua. Kila gitaa likinyamaza, ogani inabeba. Ukisikiliza kwa makini utasikia hata pedali ya Bonham ikilia kama bawaba kavu, maana walikuwa wote chumbani wakisukumana.

Sasa weka Tea for One. Inaanza na rifu ya haraka, sekunde chache, unadhani ni wimbo mwingine. Kisha inaanguka ghafla kwenye bluzi, na ogani haipo. Page akinyamaza, hakuna anayembeba. Kuna besi inayotembea noti chache na dramu inayogusa tu. Maneno ni ya mtu aliye peke yake hotelini, mbali na kwake, ambaye saa haziendi. Ogani ingekuwa mtu wa pili chumbani. Kuiondoa ndiko kuliufanya wimbo uwe na maana yake. C maina ni ile ile, mwendo ni ule ule, lakini ule wa kwanza ni ugomvi wa watu wawili na huu hauna mtu wa kugombana naye.

Na si wimbo ulioachwa na wenyewe. Page na Plant waliupiga na okestra huko Japani mwaka 1996. Huko walijaza nafasi zote. Ni mzuri, lakini ukirudi kwenye ule wa Munich utasikia nafasi tupu ilikuwa inafanya kazi gani.

Mtu asiusikilize huu baada ya nyimbo sita nyingine bila kupumzika. Hapo nakubaliana na hoja ya uchovu.

Mgeni wa Presence

Samahanini wakuu, mimi nawafuatilia tu. Kwa mtu anayezijua zile albamu kubwa na hii hajaigusa, aanzie wapi? Achilles nimeijaribu mara moja, sikuelewa mwanzo wala mwisho.

Santuri

Karibu. Usianze na Achilles, ijapokuwa ndiyo ya kwanza kwenye sahani. Haina kiitikio cha kawaida cha kukushika mkono, ndiyo maana umepotea. Fuata mpango huu.

Siku ya kwanza sikiliza For Your Life peke yake, mara mbili. Mara ya kwanza fuata sauti ya Plant. Mara ya pili fuata ule mkono wa tremolo wa gitaa, pale noti inaposukumwa chini kama kitu kinachoteleza ngazi. Siku ya pili, Nobody's Fault but Mine. Hesabu ukimya kama alivyoeleza Kiti cha Dramu. Siku ya tatu ndipo Achilles, na ugawe hivi: magitaa ya mwanzo yanayoingia polepole, mbio, vishindo vya pamoja, solo kabla ya dakika ya 4, mbio tena, kisha yale magitaa ya mwanzo yanarudi na kufifia. Ukijua mlango wa kuingilia na wa kutokea ni mmoja, katikati hutapotea tena. Tea for One iache usiku, peke yake. Zile tatu fupi zitakuja zenyewe utakapoicheza albamu nzima.

Kuhusu toleo la kununua, lile la 2015 linatosha. Kama unasikiliza kwa intaneti, angalia mipangilio ya programu uchague ubora wa juu kabisa, kwa sababu mbano wa faili hula kwanza matoazi na ule waya mwembamba wa besi ya nyuzi nane.

Kiti cha Dramu

Na usitumie spika ya simu. Oktavi ya juu ya Jones utaipata, lakini ngoma ya mguu haitakuwepo kabisa, na utadhani mbio zile zinaelea hewani.

Mleta mada

Shabiki, tumefika wapi sasa? Hoja yangu ilikuwa kwamba albamu hii inastahili meza moja na zile kubwa.

Shabiki wa Graffiti

Nitasema nilipobadilika na nilipobaki. Niliichukulia kama albamu iliyokosa rangi kwa kukosa muda. Kile kipande cha piano kimeniondoa hapo. Nimeziweka zile bluzi mbili zikafuatana kama alivyoelekeza Nyuzi Nane, na neno langu kuhusu Tea for One nalirudisha. Si nakala. Kuondoka kwa ogani kunasikika kila Page anapoacha noti ife. For Your Life ningeiweka kwenye albamu yao yoyote, ya nne ikiwemo.

Meza moja, hapana. Physical Graffiti ina nyimbo 15 na naweza kutaja tatu dhaifu. Hii ina 7, na dhaifu ni mbili. Kwa uwiano hii ndiyo yenye mzigo zaidi. Mimi ningeiweka juu ya In Through the Out Door, ambayo inategemea vinanda vya Jones kuliko magitaa, na chini ya Houses of the Holy.

Candy Store Rock nimeirudia mara tatu leo, ekwalaiza bapa, spika zimetoka ukutani. Bado naiona ni mazoezi yaliyosahauliwa kwenye tepu.

Kiti cha Dramu

Irudie mara ya nne, uzibe sikio kwa mwimbaji na umfuate mguu wa Bonham tu, toka pigo la kwanza. Kisha uje uniambie.